Nataka kujua samaki wanakwenda wapi: nianzie wapi?

Swali la msomaji:

Shikamoo. Mimi ni binti wa Kilwa Masoko, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Baba yangu ni mvuvi wa mshipi. Tangu nikiwa mdogo namsikia yeye na wenzake wakisema "changu wamehama", "kolekole bado hawajaingia", na hakuna anayejua walikohamia. Nataka kusomea hilo: mwendo wa samaki na namna ya kuwahifadhi. Nianzie wapi? Ni lazima nijue kuzamia? Hesabu zangu ni za kawaida tu. Na baba ananiambia watu wa utafiti wakishapita, kinachofuata ni marufuku. Nimjibu nini?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umeanza vizuri kuliko unavyodhani. Wengi wanaokuja kwenye fani hii huja na mapenzi ya bahari lakini hawana swali. Wewe unalo, tena ni zuri: samaki wakiadimika, wamehama kweli, au wapo palepale ila hatuwaoni? Swali hilo ndilo lililonitia mimi kwenye kazi hii nilipokuwa mwanafunzi wa kupima samaki wanaoshushwa dikoni, na mpaka leo bado ndilo linaloniamsha asubuhi.

Chukua potwe, yule papa mkubwa mwenye madoadoa, wa Mafia, jirani zenu. Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, potwe huonekana juu ya maji mbele ya Kilindoni, midomo wazi, wakifuata makundi ya uduvi. Upepo wa kusi ukishika, hawaonekani tena. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba wamekwenda zao, maana potwe wa sehemu nyingine za dunia wanajulikana kwa safari ndefu. Watafiti wakawawekea baadhi yao vifaa vya sauti, wakatega vipokezi vya kuvisikia chini ya maji kulizunguka eneo lile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: potwe wengi walikuwepo mwaka mzima. Wakati wa kusi walisogea mbali kidogo na ufukwe na kukaa chini zaidi, basi. Walikosekana machoni mwa watu, baharini walikuwepo.

Sasa fikiria maana yake kwa uhifadhi. Mtu anayeamini potwe huondoka ataweka masharti ya boti na nyavu kwa miezi ya kaskazi peke yake, na mwezi wa Julai hatakuwa na lolote la kumkinga potwe aliyeko pale pale. Kujua samaki yuko wapi, mwezi gani, kina gani, ni nusu ya kazi ya kumhifadhi. Nusu hiyo ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa kuchora mstari kwenye ramani ni kazi ya mchana mmoja na kumfuata samaki ni kazi ya miaka.

Tena samaki hawalingani kwa mwendo. Pweza, ingawa si samaki, yuko upande mmoja kabisa: haendi mbali na pango lake, hukua haraka, na umri wake ni mfupi. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya ukanda wetu vimeweza kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache, kisha vikaifungua na kukuta pweza wakubwa. Sheria ya kufunga mwamba inamfaa mnyama asiyetoka mwambani. Ukiipeleka kwa jodari, haina kazi. Kati ya mwaka 2005 na 2007, mradi wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, uliweka alama za plastiki kwenye jodari na jamaa zake zaidi ya 168,000, wengi wao wakiachiwa katika maji ya upande wetu wa Tanzania. Alama hizo zilikuja kuokotwa kwenye meli za nyavu kubwa na bandarini Victoria, mji mkuu wa Ushelisheli, samaki walipokuwa wakipakuliwa. Samaki aliyeachiwa hapa kwetu alivuliwa maji ya nchi nyingine na meli ya nchi ya tatu. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaowekwa mezani nchi zinapogombania nani avue jodari kiasi gani. Nchi isiyokuwa na watu wanaouelewa hukaa pale ikisikiliza tu.

Katikati ya pweza na jodari wapo samaki wa baba yako: changu, tasi, chewa. Hawa ndio walionivutia mimi zaidi, kwa sababu tabia zao zinapishana hata wakiishi mwamba mmoja. Nenda kasome kazi ya Boaz Kaunda-Arara wa Kenya, aliyoifanya na George Rose na kuichapisha mwaka 2004. Waliweka alama samaki ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zipo tangu mwaka 1968, kisha wakasubiri wavuvi wa nje ya mpaka waseme wamevua nini. Tasi na baadhi ya changu walikuwa wakitoka hifadhini mara kwa mara na kuingia kwenye mitego ya wavuvi. Aina nyingi nyingine hazikutoka kwa kiasi cha kueleweka. Walipowawekea chewa vifaa vya sauti na kuwahamisha, chewa walirudi kwao. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Hifadhi inamnufaisha mvuvi wa jirani?", jibu la kitaalamu ni kumuuliza kwanza anavua samaki gani.

Wapo pia samaki wanaohama mara moja tu maishani, kutoka utotoni kwenda utu uzima, na hao huwezi kuwajua kwa alama ya plastiki kwa kuwa wakiwa wadogo alama inawazidi mwili. Hapo tunatumia mawe ya sikio. Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe ndani ya kichwa vinavyomsaidia kusikia na kushika mizani. Ukikichukua kijiwe cha changu, ukakisaga hadi kikawa chembamba cha kupitisha mwanga, ukakiweka chini ya hadubini, unaona pete zilizopangana kuzunguka kiini kama za gogo la mti, isipokuwa kwa samaki mchanga pete moja inaweza kuwa ni siku moja. Na kemia ya kila pete inabeba dalili ya maji na chakula cha siku hizo. Ismael Kimirei, Mtanzania ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, alitumia kemia ya mawe hayo pamoja na wenzake, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2013 wakaonyesha kwamba baadhi ya samaki wa jamii ya changu wanaovuliwa miambani walikulia kwenye mikoko na majani ya bahari. Wewe unatoka Kilwa, mikoko unaijua. Anayekata mkoko kwa ajili ya mkaa hajui kama anapunguza changu wa mwamba wa nje, lakini jiwe la sikio linajua.

Nimetaja vifaa vya sauti. Nitakueleza kifaa hicho kinavyowekwa mwilini mwa samaki, maana watu wengi huogopa kwamba tunamtesa samaki. Samaki anavuliwa kwa mshipi au dema, taratibu, asipandishwe kwa haraka kutoka kwenye kina. Anaingizwa kwenye beseni la maji ya bahari lililotiwa matone machache ya mafuta ya karafuu yaliyoyeyushwa kwenye spiriti. Ndiyo, karafuu ileile ya Pemba na Unguja. Kiini chake kinatumika duniani kote kuwalaza samaki usingizi. Akishalegea analazwa chali kwenye kitanda cha sifongo chenye mfereji, macho yamefunikwa kitambaa kibichi, na mpira mdogo unapitisha maji mdomoni yatoke matamvuani bila kukatika. Unakata mpasuko mdogo tumboni, usiogusa utumbo, unaingiza kifaa kinene kama kidole au chini ya hapo, unashona nyuzi mbili au tatu. Kawaida yetu ni kifaa kisizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Mtu mwenye mkono mwepesi humaliza kwa dakika chache. Kisha unamshikilia kwenye maji safi mpaka asimame wima mwenyewe na kukukimbia. Asipokukimbia humwachii.

Kifaa hicho hutoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu, na mlio huo umebeba namba ya samaki huyo peke yake. Vipokezi vilivyofungwa kwenye nanga miambani vinausikia samaki akipita umbali wa mita mia kadhaa, vinaandika namba, tarehe na saa. Baada ya miezi kadhaa mzamiaji anakwenda kuvitoa na kuchukua taarifa. Kwa samaki wanaopanda juu, kama potwe na sulisuli, kuna vifaa vinavyozungumza na setilaiti.

Ndipo tunapofika kwenye hesabu, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kinachotoka kwenye kipokezi si picha ya samaki anayesafiri. Ni orodha ndefu ya namba na saa, mistari maelfu kwa maelfu, na katikati yake kuna ukimya. Samaki namba fulani amesikika hadi usiku wa bamvua, kisha kimya wiki tatu. Amekufa? Amevuliwa? Amehama? Kifaa kimemtoka? Au yupo palepale na ni kipokezi ndicho kilichoziba masikio? Miambani kuna kamba wadogo wanaolipua gando, na usiku makelele yao huzidi kiasi cha kuumeza mlio wa kifaa. Mtu asiyelijua hilo ataandika kwamba samaki huondoka mwambani kila usiku, na ataaminiwa, kwa sababu ana grafu nzuri. Ndiyo maana tunafunga vifaa vingine mahali pasipobadilika, tuone kipokezi kinavisikia kiasi gani usiku na mchana, kusi na kaskazi, kisha tunasahihisha.

Kwa hiyo hesabu unazozihitaji si zile ngumu zilizokutisha shuleni. Ni takwimu, na subira ya kuuliza namba inaficha nini. Hesabu za kawaida zinatosha kuanzia. Jifunze programu ya R, ni ya bure, inaingia kwenye kompyuta ya kawaida, na masomo yake yamejaa mtandaoni. Ukiimudu R kabla ya mwaka wa tatu wa chuo utakuwa umewapita wengi wenye alama za juu kuliko zako. Nimewaona vijana wakipata nafasi kwenye miradi mikubwa kwa sababu hiyo moja tu.

Kuzamia si sharti. Wapo wataalamu wakubwa wa mwendo wa samaki ambao kazi yao yote iko maabara au kwenye kompyuta. Kuogelea ni jambo jingine: jifunze, uwe na kazi ya baharini au usiwe nayo. Najua wasichana wengi wa pwani tumekua tukiyaangalia maji tu huku kaka zetu wakiyachezea. Siku hizi Unguja wapo wasichana wanaofundishwa kuogelea na wanawake wenzao, wakiwa na mavazi yao ya stara, na hakuna kilichoharibika. Cheti cha kuzamia kitakuja baadaye, na mara nyingi mradi wenyewe ndio unaokilipia.

Kuhusu masomo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi za majini na uvuvi, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar ndiko watu wengi wa fani yetu walikosomea shahada za juu. CBG haikufungii mlango, lakini soma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka wako mwenyewe, usitegemee maneno ya mtu, yangu yakiwemo. Kama alama hazikutosha, FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, inatoa astashahada na stashahada za uvuvi, na kampasi zake za Mbegani na Mikindani ziko pwani. Hiyo njia usiidharau. Mtu aliyepita Mbegani anajua nyavu, injini na samaki kwa mkono wake, na akija kuongeza shahada huwa na uzito ambao wengine wetu tuliutafuta kwa miaka. Upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na taasisi ya utafiti ya KMFRI Mombasa.

Sitakudanganya kuhusu ajira. Nafasi za kudumu ni chache: TAFIRI, kitengo cha hifadhi za bahari na maeneo tengefu, vyuo, wizara. Zilizobaki ni za mikataba kwenye miradi ya mashirika, na mradi ukiisha unatafuta mwingine. Vifaa vya sauti ni mamia ya dola kimoja, vya setilaiti ni maelfu. Kijana wa kwetu akisubiri apate vifaa ndipo aanze, atazeeka anasubiri. Anza na vitu visivyo na gharama: mawe ya sikio unayapata kwenye vichwa vya samaki wanaopasuliwa sokoni, urefu unapimwa kwa utepe, na kumbukumbu za wavuvi ni bure ukiwa na adabu. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti, na huwafikiria vijana wa ukanda huu. Omba. Ukikataliwa, omba tena.

Jambo moja linaniuma, na nakuambia mapema ili ulijue kabla hujaingia. Miradi mingi ya kufuatilia samaki wetu imeongozwa na watu wa mbali. Wapo wanaofanya kazi kwa heshima, wanasomesha vijana na kuacha taarifa nchini. Wapo ambao kijana wa hapa anabeba mitungi, anaendesha boti, anatafsiri maneno ya wavuvi, na makala ikitoka jina lake halipo. Ukiajiriwa kwenye mradi wowote, hata kwa kazi ndogo, uliza siku ya kwanza: taarifa zitakaa wapi, nani ataruhusiwa kuzitumia, na mchango gani unamstahilisha mtu kuandikwa jina. Hayo si maswali ya kiburi. Mtafiti mzuri atafurahi umeyauliza.

Sasa baba. Usimbishie, kwa sababu alichokisema kimetokea kweli mahali pengi. Mistari ya hifadhi imewahi kuchorwa na watu wasiowahi kulala kwenye ngalawa, na waliokosa usingizi ni wavuvi. Lakini mwulize hivi: marufuku ipi ni nzito kwake, ile ya kufunga mwamba mzima mwaka mzima kwa sababu hakuna anayejua samaki hufanya nini pale, au ile ya kufunga sehemu moja kwa wiki chache samaki wanapokusanyika kutaga? Ya pili haiwezekani bila kujua mwendo wa samaki. Ukosefu wa taarifa ndio unaozaa marufuku za jumla. Mtu asiyejua hufunga kila kitu, au hafungi chochote mpaka samaki waishe.

Na mwambie hili pia, kwa kuwa ni haki yake kulisikia: sehemu kubwa ya tunayoyajua yalianza kwa wavuvi. Kusini mwa Kenya, pande za Msambweni, wavuvi ndio waliowaambia watafiti mahali tasi wanapokusanyika kutaga, na watafiti walipozamia wakawakuta. Baba yako akisema kolekole hawajaingia, anayo ndani yake kumbukumbu ya upepo, mwezi, rangi ya maji na kina ambayo hakuna kipokezi kilichowahi kuihifadhi. Miezi hii ukisubiri majibu ya udahili, nunua daftari gumu. Kila akirudi andika: tarehe, bamvua au maji mafu, upepo gani, chombo kilikwenda upande gani, kina cha pima ngapi, samaki gani, wangapi, mkubwa ana urefu gani. Samaki wakipasuliwa, tazama mayai: yapo, hayapo, yamejaa? Andika hata siku alizorudi mikono mitupu. Hizo ndizo watu husahau kuandika, na bila hizo huwezi kujua kuadimika kukoje.

Ila kuna kurasa za daftari hilo ambazo si zako kuzitoa. Akikuonyesha mahali chewa wanapokusanyika, usilipeleke jina la mwamba huo kwenye ripoti, simu ya rafiki wala mtandaoni. Chewa ni wazito wa kukua, wengi wao huanza wakiwa majike na baadhi tu hugeuka madume baadaye, na wakikusanyika kutaga boti chache zikijua mahali zinaweza kumaliza kundi zima kwa misimu michache. Paandike "mahali A". Siku ukiwa na shahada na ukataka kupafanyia utafiti, rudi kwanza kwa baba na kwa BMU ya kijiji, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, waeleze unataka kuangalia nini na matokeo yatakwenda kwa nani, na usishushe kipokezi hata kimoja mpaka wakubali.